Sakafu ya kudumu: jinsi ya kuchagua, kuanzia udongo hadi taili ya mwisho

Chukua sarafu ya shilingi ishirini, piga magoti sebuleni, gonga taili moja baada ya nyingine. Iliyoshika vizuri hutoa sauti kavu na fupi. Isiyoshika hulia kama mtungi mtupu. Katika nyumba nyingi nilizoitwa kurekebisha hapa Kisumu, taili zinazolia mtungi huwa nyingi kuliko mwenye nyumba alivyodhani, na mara nyingi taili yenyewe haina kosa. Ilinunuliwa nzuri, kwa pesa nyingi. Ubovu uko chini yake.

Nimeshika mwiko wa meno, ule wa kuenezea gundi ya taili, miaka mingi kati ya Kisumu, Kakamega na Nakuru. Wateja karibu wote huanza na rangi: wanakuja na picha kwenye simu, wanataka ile ile. Mimi huwaomba tuiweke simu mfukoni kwanza. Tutazame ardhi, tutazame maji, tutazame miguu itakayopita hapo. Rangi haikimbii.

Hatua ya 1: Ijue ardhi uliyojengea

Ukiwa Nyamasaria, Ahero au popote kwenye uwanda wa Kano, uko juu ya udongo mweusi wa pamba. Mvua za Machi hadi Mei zikinyesha, udongo huo hunywa maji ukafura. Kiangazi cha Januari kikija, hunywea na kupasuka nyufa ambazo mtoto anaweza kutumbukiza mkono. Slabu, yaani zege la sakafu, iliyokaa juu yake huinuliwa na kushushwa kila mwaka. Kama mjenzi aliuchimba wote akajaza mramu na mawe yaliyoshindiliwa, una pa kuanzia. Kama alimwaga zege juu juu, taili ya bei ghali itapasuka sawa na ya bei rahisi.

Kakamega na Vihiga udongo ni mwekundu na umetulia zaidi. Shida yake ni tope: likiingia na viatu, grauti nyeupe, ile inayojaza mianya kati ya taili, hugeuka rangi ya chai ya maziwa na hairudi tena. Chagua grauti ya kijivu au kahawia mapema, usubiri sifa za jirani baadaye.

Nakuru ni habari nyingine. Udongo wa kule ni majivu ya volkano, na vumbi lake lina chembe kali ambazo husugua sakafu kama msasa. Nimeona nyumba ya Lanet yenye taili zinazong'aa kama kioo kila mahali isipokuwa mita mbili za kwanza kutoka mlangoni, ambapo mng'ao umekwisha kabisa. Halafu kuna baridi. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, Kisumu karibu 1,130. Usiku wa Julai taili ya Nakuru huuma nyayo. Ya Kisumu watu huilalia mchana wakitafuta nafuu ya joto. Kwa hiyo ushauri wa shemeji yako aliyejenga Nakuru usiuchukue mzima mzima ukiwa Kondele, hapa Kisumu.

Kama nyumba tayari ina slabu, tafuta nyufa. Ukiona moja, chora mstari wa penseli kuukata ufa kwa mkingamo, uandike tarehe pembeni. Pima upana wake kwa rula. Rudi baada ya mvua, rudi tena kiangazi. Ufa usiobadilika ni kovu la zamani: jaza, endelea. Ufa unaofunguka na kujifunga bado uko hai, na utatokea juu ya sakafu yoyote ngumu utakayoibandika hapo. Huo unamhitaji mhandisi kabla ya fundi wa taili.

Hatua ya 2: Pima unyevu kabla ya kulipa chochote

Hapa sitaki mtu aruke. Mimi mwenyewe niliruka, na nilikuwa tayari fundi.

Nilipohamia nyumba yangu nilikuwa nimeishiwa, kwa hiyo chumba cha kulala nikakitandika mkeka wa mbao, ule wa plastiki wenye picha ya mbao unaouzwa kwa roli. Muuzaji aliapa kwamba hauogopi maji. Hakudanganya. Mkeka wenyewe hauogopi maji. Maji yalikuwa chini yake, yakipanda kutoka ardhini kupitia slabu, na sasa hayakuwa na pa kutokea. Mwezi wa pili chumba kikaanza kunuka gunia lililoloa. Mke wangu akafikiri ni panya. Nikavuta kitanda, nikainua kona ya mkeka: chini kumejaa matone kama kifuniko cha sufuria ya wali, na simiti imepigwa ukungu mweusi kwa umbo la miguu ya kitanda. Mjenzi wa nyumba ile hakuwa ametandika nailoni chini ya slabu.

Kipimo ambacho kingeniokoa ni cha bure. Kata kipande cha nailoni nzito inayopitisha mwanga, nusu mita kwa nusu mita. Kibandike kwenye simiti tupu kwa tepu pande zote nne, pasibaki upenyo. Kiache usiku kucha hadi kesho yake. Ukikuta matone ndani, au simiti ya chini imegeuka nyeusi kuliko ya pembeni, kuna unyevu unaopanda. Fanya hivyo sehemu tatu: katikati ya chumba, karibu na ukuta wa nje, na karibu na bafu.

Kama ndio kwanza unajenga, hakikisha kwa macho yako kwamba nailoni ya geji 1000 (kipimo cha unene wake) inatandikwa chini ya slabu, inapandishwa pembeni mwa ukuta, na haitoboki kwa mawe wakati wa kumwaga zege. Weka mchanga laini juu ya mawe kwanza. Siku ya kumwaga, usiende sokoni.

Skridi mpya, lile tabaka la simiti na mchanga la kusawazisha juu ya slabu, nayo ina maji yake. Hesabu ya mafundi ni siku moja kwa kila milimita moja ya unene, hali ya hewa ikiwa nzuri. Skridi ya milimita 40 ni zaidi ya mwezi. Taili huvumilia unyevu kidogo kwa sababu gundi yake ni ya simiti. Mkeka wa mbao, laminati na mbao halisi havivumilii.

Hatua ya 3: Hesabu miguu, moto na maji

Zunguka nyumba nzima na daftari. Kila chumba kiulize maswali matatu: nani anapita hapa, nini kinadondoka hapa, na maji yanatoka wapi?

Jikoni kwa kawaida kuna mafuta ya samaki, sufuria za ugali zinazotua chini, na pengine jiko la makaa wakati gesi imekwisha. Kitu chochote cha plastiki kikikutana na sufuria yenye moto huacha alama ya duara milele. Jikoni weka taili au simiti, basi.

Bafuni jambo kuu ni kuteleza. Taili nyingi za kisasa zina alama ya R kwenye boksi, kuanzia R9 hadi R13. Namba ikipanda, inashika mguu zaidi. Bafuni na verandani tafuta R10 au R11. Kama boksi halina alama, mwaga maji kidogo juu ya taili dukani, vua kiatu, ikanyage. Muuzaji atakutazama vibaya. Mwache atazame. Nyumba yenye mzee au mama mjamzito haitaki bafu la kung'aa.

Sebuleni ni mlango unaoamua: ukifunguka nje, tope na vumbi huanzia hapo. Chumba cha kulala ni rahisi: karibu kila kitu kitadumu humo.

Hatua ya 4: Chagua nyenzo

Taili. Kuna seramiki na kuna poseleni, na tofauti yake ni kiu. Poseleni hunywa maji kwa asilimia 0.5 ya uzito wake au chini ya hapo. Seramiki hunywa zaidi. Geuza taili, dondosha maji mgongoni. Tone likizama mbele ya macho yako, hiyo ni seramiki, hata kama boksi linasema vingine. Seramiki si mbaya kwa chumba cha kulala au kuta za jikoni. Kwa mlango wa mbele, veranda na duka, nunua poseleni, na isiwe ya kung'aa.

Taili zenye rangi ya juu iliyochomwa hupewa pia daraja la PEI, kutoka 1 hadi 5, linaloonyesha jinsi uso unavyovumilia kusuguliwa. PEI 3 inatosha nyumba nyingi. Nakuru, kwa lile vumbi, ningepanda hadi 4. Tena uliza kama rangi imepita hadi ndani ya mwili wa taili: ikimeguka kona, kidonda hakionekani sana.

Ukubwa nao una maana. Watu wanapenda sentimita 60 kwa 60 kwa sababu mistari ni michache. Lakini taili kubwa hutaka skridi iliyonyooka kweli. Kama sakafu yako ina mabonde na hutaki kulipia skridi mpya, chukua 30 au 40. Zile ndefu zenye sura ya mbao mara nyingi huwa zimepinda kidogo katikati. Usikubali zipangwe kama tofali, nusu kwa nusu, kwa sababu vidole vitajikwaa kwenye kona. Zisogezwe kwa theluthi moja tu.

Simiti. Najua hakuna anayetaka kusikia, ila sakafu ya simiti iliyopigwa niru vizuri, yaani kulainishwa juu kwa uji wa simiti, imewashinda wengi. Zipo nyumba kuukuu za serikali ambazo bado zina sakafu nyekundu inayong'aa kwa polishi, na waliozimwaga walishastaafu zamani. Siri ni kwamba niru hupigwa siku ile ile, skridi ikiwa bado mbichi, ishikane nayo. Ukipiga niru juu ya simiti iliyokauka, itabanduka kama magamba ya samaki. Rangi nyekundu isizidi sehemu moja kwa kumi ya uzito wa simiti, yaani kilo 5 kwa mfuko wa kilo 50. Zaidi ya hapo unadhoofisha simiti. Mwagilia maji siku 7. Wengi humwagilia siku mbili, kisha wanashangaa vumbi linalotoka sakafuni kila wakifagia.

Nyumbani kwa nyanya kijijini, ambako sakafu bado husiribwa kwa samadi na udongo, hii ndiyo hatua ya kwanza ya maana, kabla ya kochi na kabla ya runinga. Funza huzaliana kwenye vumbi la sakafu ya udongo, na simiti huwanyima pa kukaa. Ondoa udongo wa juu, shindilia mawe, tandika nailoni, mwaga sentimita 10 za zege la simiti 1, mchanga 2, kokoto 4.

Mkeka wa mbao. Baada ya yaliyonipata ungedhani naupiga vita. La. Kwa nyumba ya kupanga ni mkombozi: unautandika, unahama nao. Masharti ni slabu kavu, sakafu laini isiyo na chembe za mchanga chini, na kujua kwamba unene wote si kitu kama tabaka la juu la kinga ni jembamba. Roli nyingi zina upana wa mita 2, kwa hiyo panga maungio yasikae njiani mwa watu. Jambo lingine ambalo wauzaji hawalisemi: zulia dogo lenye mgongo wa mpira likikaa juu ya mkeka huu miezi kadhaa, huacha doa la manjano lisilotoka. Weka la kitambaa.

Kuna pia mbao za plastiki ngumu iliyochanganywa na unga wa mawe, zinazoitwa SPC, zinazobana zenyewe kwa zenyewe. Maji hayazifurishi. Kwa Nakuru na Eldoret, ambako taili ni baridi, hizi nazipendekeza vyumbani bila kusita.

Laminati ina moyo wa unga wa mbao ulioshindiliwa. Ndoo moja ya maji iliyosahauliwa na kingo zinafura kama mandazi. Mbao halisi ni nzuri na ni ghali, na mchwa wa magharibi wanaijua. Zulia la ukuta hadi ukuta kwa Kisumu ni kutafuta joto, vumbi na chafya. Ukitaka laini chini ya miguu, nunua mkeka wa mafunjo kando ya ziwa, uuanike juani kila wiki.

Hatua ya 5: Pima na ununue

Tuseme sebule ina mita 4 kwa 3.6. Hiyo ni mita 14.4 za mraba. Taili ya 60 kwa 60 ni mita 0.36 za mraba, kwa hiyo unahitaji 40. Boksi la taili 4 ni mita 1.44, hivyo maboksi 10. Ongeza moja la kukata na kuvunjika: 11. Ukipanga mshazari, ongeza mawili. Gundi ya kilo 20, kwa mwiko wenye meno ya milimita 10, hufunika takriban mita 4 za mraba, kwa hiyo mifuko 4.

Dukani soma namba ya toleo na ya rangi kwenye kila boksi. Taili za jina moja zilizochomwa siku tofauti hutofautiana rangi, na dukani chini ya taa hutaona. Utaona asubuhi, jua likiingia dirishani. Nunua zote siku moja. Weka taili mbili uso kwa uso: zikicheza kama kiti cha mguu mfupi, zimepinda.

Hatua ya 6: Msimamie fundi, hata akiwa ni mimi

Nilipokuwa kijana nilifundishwa kuweka madonge matano ya gundi nyuma ya taili, manne kwenye kona na moja katikati, kisha kugonga kwa nyundo ya mpira. Kazi huenda haraka, gundi inabaki. Nikaweka sebule nzima hivyo kwa mzee mmoja Kakamega. Siku alipoleta friji mpya, vijana waliibeba hadi ndani, wakaitua mguu mmoja kwanza. Taili ikapasuka kutoka kona hadi kona. Mzee hakunikemea. Alinipigia simu akasema, "Fundi, njoo usikie." Nikaja, akachukua fimbo yake, akatembea chumba kizima akigonga. Nyuma ya kila taili, kati ya madonge, palikuwa hewa tupu. Nilizing'oa zote kwa gharama yangu.

Kwa hiyo dai gundi ienezwe kwa mwiko wa meno sakafu nzima, mistari ielekee upande mmoja, na taili kubwa ipakwe pia mgongoni. Kazi ikianza, mwombe fundi ainue taili moja aliyoiweka sasa hivi. Mgongo wake uwe umefunikwa karibu wote. Akikataa kuiinua, umepata jibu.

La pili: poseleni haishiki kwa uji wa simiti tupu. Haina kiu, kwa hiyo haivuti simiti ndani. Inataka gundi yake. Fundi akikuambia "simiti ni ile ile, mama", mwambie asimamishe kazi. Seramiki ikiwekwa kwa simiti na mchanga, iloweshwe kwanza.

La tatu: acha upenyo wa milimita 8 hadi 10 kati ya taili na ukuta, kote. Skatingi, ule ukanda wa chini ya ukuta, itauficha. Sakafu hupanuka na joto la mchana wa Kisumu, na ikikosa pa kwenda huinuka katikati kama paa la hema, wakati mwingine kwa kishindo kinachoamsha watu usiku.

Bafuni, kabla ya taili hata moja, mwaga ndoo ya maji kwenye skridi. Yote yaelekee tundu. Mteremko wa sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita unatosha. Dimbwi utakaloliona leo utaoga nalo kila siku.

Grauti ingojee saa 24 baada ya taili kuwekwa. Usiruhusu makochi kabla ya hapo, hata kama wageni wako njiani kutoka Busia.

Hatua ya 7: Baada ya mafundi kuondoka

Weka kipangusia miguu nje ya mlango na kingine ndani; Nakuru hilo litaongeza umri wa sakafu kuliko sabuni yoyote. Usioshe taili kwa dawa ya choo yenye asidi, maana inakula grauti, wala usiichanganye kamwe na jiki: mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu. Sabuni ya kawaida na maji yanatosha. Simiti nyekundu ipakwe polishi kidogo, isuguliwe sana, kinyume cha wengi wanavyofanya.

Gonga kwa sarafu mara moja kwa mwaka, baada ya mvua ndefu. Taili moja inayolia inaweza kung'olewa na kurudishwa asubuhi moja. Ila utahitaji nyingine ya kufanana nayo, na duka litakuambia toleo lile liliisha. Taili zilizobaki kwenye lile boksi la 11 usizigawe kwa jirani. Zisukume chini ya kitanda zikiwa ndani ya boksi lake, namba ikiwa juu.